Namna ya Kuondoa Faili Linalokataa Kufutika Kwenye Windows

Faili likikataa kufutika, huwa kuna sababu, na karibu kila mara ni mojawapo ya hizi: ipo programu iliyolishika, akaunti unayotumia haina ruhusa ya kuligusa, jina au njia yake (yaani mfululizo wa diski na folda hadi lilipo) ina kasoro, au diski yenyewe imeanza kuharibika. Kila sababu ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine. Mtu anayekimbilia amri za kubadili umiliki wa faili, kumbe faili hilo limefunguliwa tu kwenye Word, atahangaika bure, na huenda akaacha ruhusa za folda nzima zimevurugika. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na hatua nyepesi na kuishia na zile nzito, na maelezo yake yanahusu Windows 10 na Windows 11.

Soma ujumbe kabla ya kuufunga

Wengi wetu tukiona kisanduku cha onyo tunakifunga kabla hatujakisoma, ilhali ndicho kinachotaja kosa. Kichwa chake kikisema File In Use, faili limeshikwa na programu, na mara nyingi jina la programu hiyo limeandikwa humo humo. Kikisema File Access Denied, tatizo ni ruhusa. Kikisema Item Not Found wakati faili unaliona kwa macho yako, shuku jina lake au urefu wa njia yake. Ukiambiwa kwamba diski haikubali kuandikwa, au kwamba folda imeharibika na haisomeki, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho. Na kama hakuna ujumbe wowote, yaani faili linafutika vizuri kisha linarudi baada ya sekunde chache, hilo ni suala la peke yake na lina sehemu yake hapa chini.

Faili lililoshikwa na programu

Programu inapofungua faili katika Windows, mfumo huipa kishikio (handle) cha faili hilo, yaani kiungo inacholitumia nacho, na programu inaweza kutaka kwamba wakati inalitumia asitokee mwingine wa kulifuta. Linux haina sharti hilo: huko jina la faili huondoka papo hapo, na programu iliyokuwa imelifungua huendelea kulisoma hadi itakapolifunga yenyewe. Ndiyo maana aliyezoea Linux hushangaa kuona Windows inamkatalia jambo dogo kama hilo. Ukishalielewa hili, kazi yako inakuwa kumtafuta aliyelishika faili na kumfanya aliachie.

Anza na yaliyo wazi. Funga programu zote zilizofunguliwa, pamoja na zile zinazojificha karibu na saa kwenye kona ya chini kulia, kama vile za kupakua mafaili, za kucheza muziki na za kusawazisha mafaili na hifadhi ya mtandaoni. Ikiwa faili ni video, picha au PDF, bonyeza Alt na P ndani ya dirisha la mafaili ili ufunge kidirisha cha hakikisho, kwa kuwa Windows Explorer nayo hulifungua faili ili ikuonyeshe sura yake, kisha huweza kuchelewa kuliachia. Ikiwa unachojaribu kufuta ni folda, angalia kama kuna dirisha la amri (Command Prompt) lililosimama ndani ya folda hiyo. Dirisha moja jeusi lililosahaulika, hata kama halifanyi kazi yoyote, linatosha kuizuia isifutike.

Nyaraka za Word zina kidokezo chao cha pekee. Ukionyesha mafaili yaliyofichwa, utaliona kando ya waraka uliofunguliwa faili dogo ambalo jina lake linaanza na alama ~$, nalo hubeba jina la mtu aliyeufungua waraka huo. Faili hilo huondoka lenyewe waraka ukifungwa, lakini Word ikianguka ghafla au umeme ukikatika, hubaki pale na kuufanya waraka uonekane bado una mtu. Kwanza hakikisha kwamba kweli hakuna aliyeufungua, kisha lifute hilo dogo. Ofisini, ambako folda moja hushirikiwa na watu wengi, aliyeushika waraka anaweza kuwa mwenzako wa chumba cha pili aliyekwenda chakula cha mchana na kuacha kompyuta yake wazi. Katika hali hiyo hakuna hatua utakayochukua kwenye mashine yako ikasaidia. Anayesimamia seva ndiye anayeweza kufungua fsmgmt.msc kwenye seva hiyo, akaingia Open Files, akaona nani ameshika nini na kulifunga faili kutoka huko, ingawa kumpigia simu mwenzako ni salama zaidi, kwani mabadiliko ambayo hajayahifadhi yanaweza kupotea.

Ikiwa umefunga kila kitu na ujumbe ni ule ule, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. Si ajabu kukuta Excel au kisomaji cha PDF bado kimo kwenye orodha ingawa dirisha lake halionekani popote. Ichague, kisha bofya End task. Papo hapo tafuta Windows Explorer kwenye orodha hiyo hiyo na ubofye Restart. Upau wa chini ya skrini utatoweka kwa muda mfupi na kurudi, na vishikio vyote ambavyo Explorer ilikuwa navyo vitakuwa vimeachiwa. Jaribu kufuta tena hapo hapo.

Bado limegoma? Sasa acha kubahatisha, uiulize kompyuta yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon, kisha bonyeza Enter. Resource Monitor ikifunguka, nenda kwenye kichupo cha CPU, panua sehemu iitwayo Associated Handles, na kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho upande wa kulia wa sehemu hiyo andika sehemu ya jina la faili, kwa mfano neno ripoti. Subiri kidogo. Orodha itakayotokea inaonyesha safu ya jina la programu, namba ya mchakato wake, aina ya kishikio, na mwisho kabisa njia kamili ya faili. Soma safu hii ya mwisho kwa makini, kwa sababu mafaili mawili yanaweza kuwa na jina moja katika folda tofauti. Ukiona, tuseme, vlc.exe mbele ya njia ya faili lako, bofya jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague End Process. Ukiona System, csrss.exe, wininit.exe au lsass.exe, usiguse, maana kuziua hizo ni kuiangusha mashine nzima. Anayefanya kazi hii mara kwa mara ataona urahisi wa kuweka PowerToys, mkusanyiko wa zana za bure kutoka Microsoft, ambao ndani yake mna File Locksmith: unabofya faili kwa kitufe cha kulia, unachagua zana hiyo, na inakutajia aliyelishika.

Hapa niseme wazi kuhusu vile viprogramu vya mtandaoni vinavyojinadi kwamba vinafungua faili lolote lililofungwa. Mimi sivishauri. Vingi huja na matangazo na programu nyingine usizoziomba, na ukiviendesha kwa ruhusa za msimamizi umevipa mamlaka juu ya kompyuta yote kwa ajili ya faili moja. Kazi vinayofanya imo tayari ndani ya Windows.

Ikishindikana, washa kompyuta upya, na utumie Restart badala ya Shut down. Tangu Windows 8, mashine nyingi zinapozimwa kwa Shut down huhifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski ili ziwake haraka siku ya pili, na kiendeshi (programu inayoongoza kifaa) kilichokuwa kimekwama huamka kikiwa kimekwama vile vile. Restart huanza upya kabisa. Kompyuta ikishawaka, futa faili kabla ya kufungua kitu kingine chochote.

Ngazi ya juu ya njia hii ni Safe Mode, ambamo Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Restart, chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, na orodha itakapotokea bonyeza namba 4. Kabla hujafanya hivyo, hakikisha unaujua ufunguo wako wa BitLocker (kinga ya Windows inayoifunga diski kwa msimbo) wenye tarakimu 48, hasa kwenye kompyuta mpakato mpya zinazofungiwa diski bila mwenyewe kujua, kwani mashine inaweza kuudai njiani. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingilia mara ya kwanza, au kwa idara ya tehama ikiwa mashine ni ya ofisi.

Faili linalofutika kisha likarudi

Kuna chanzo kisicho na madhara: hifadhi ya mtandaoni. OneDrive au Google Drive inayokwama katikati ya kusawazisha huweza kulirudisha faili ulilofuta, kwa kuwa nakala iliyo mtandaoni bado haijapata habari. Lifute kupitia tovuti ya huduma hiyo, au simamisha usawazishaji kwanza kisha ulifute.

Chanzo kingine ni virusi, na dalili zake wanazijua vizuri wote wanaopeleka kazi steshenari. Unachomeka flashi uliyotoka kuchapia barua, na mahali pa mafaili yako unakuta njia za mkato (shortcuts) zenye majina yale yale, kila moja ikiwa na kishale kidogo kwenye kona ya chini kushoto na ukubwa wa kilobaiti chache tu. Unazifuta, zinatoweka, na kufumba na kufumbua zimerudi. Mafaili halisi mara nyingi hayajapotea. Yamewekewa alama ya kufichwa na ya mfumo ili yasionekane, na anayezirudisha njia za mkato ni mchakato unaoendelea kukimbia ndani ya kompyuta. Kwa hiyo kuisafisha flashi kabla ya kompyuta ni kazi bure.

Usibofye njia yoyote ya mkato. Chomoa flashi, fungua Task Manager, nenda kwenye Details na utafute wscript.exe, programu ya Windows ya kuendesha hati za amri; mtumiaji wa kawaida hana sababu ya kuikuta ikikimbia muda wote, na virusi vingi vya aina hii huendeshwa nayo. Iue. Kisha nenda kwenye orodha ya programu zinazoanza pamoja na Windows, uzizime zote usizozitambua. Baada ya hapo fungua Windows Security, uingie Virus & threat protection, Scan options, na uchague ukaguzi wa Microsoft Defender wa nje ya mfumo, ambao huiwasha kompyuta upya na kuikagua kabla Windows na virusi vyake havijaamka. Unachukua kama dakika 15. Kompyuta ikishakuwa safi, chomeka flashi, iache Defender iikague, kisha fungua dirisha la amri na uandike mistari hii, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*
del E:\*.lnk

Mstari wa kwanza unayafichua mafaili, na wa pili unafuta njia za mkato zilizo kwenye ukurasa wa mbele wa flashi. Usishangae ukiona imejitokeza folda isiyo na jina. Mara nyingi humo ndimo mafaili yako yalimohamishiwa. Yatoe, kisha futa folda hiyo pamoja na faili lolote la .vbs usilolijua.

Kwenye flashi za zamani unaweza pia kukuta folda iitwayo autorun.inf isiyofutika kwa vyovyote. Hiyo huenda si virusi. Zipo programu za kinga zilizokuwa zikiitengeneza makusudi ili virusi visipate nafasi ya kuweka faili la jina hilo. Tangu Windows 7 flashi hazijiendeshi zenyewe, hivyo haina kazi tena, wala haina madhara. Iache mpaka siku utakapoifomati flashi.

Ruhusa na umiliki

Ujumbe wa Access Denied hutokea sana baada ya kuhamisha diski kutoka kompyuta moja hadi nyingine, au baada ya kuweka Windows upya, kwa sababu mafaili yanaendelea kumtambua mmiliki wa zamani ambaye hayupo tena. Fungua dirisha la amri kwa kubofya jina lake kwa kitufe cha kulia na kuchagua Run as administrator, kisha jitwalie umiliki na ujipe ruhusa kamili:

takeown /f "D:\Picha za zamani" /r /d y
icacls "D:\Picha za zamani" /grant "%username%":F /t

Folda hiyo sasa itafutika kama kawaida. Amri hizi zina nguvu kuliko zinavyoonekana, na zisielekezwe kamwe kwenye C:\ nzima wala kwenye C:\Windows. Mafaili ya mfumo humilikiwa na akaunti iitwayo TrustedInstaller, iliyowekwa tangu Windows Vista ili kumkinga hata msimamizi asiyavuruge, na ukikutana na jina hilo maana yake faili si lako la kufuta.

Yako mafaili makubwa ambayo watu wenye diski ndogo hupigana nayo bila sababu, kwani Windows ina njia rasmi ya kuyaondoa. Folda ya Windows.old, inayobaki baada ya kupandisha toleo la Windows, huondoka yenyewe baada ya siku 10, au iondoe mapema kupitia Settings, System, Storage, kisha Temporary files. Faili la hiberfil.sys, linaloweza kula gigabaiti kadhaa, huondolewa kwa amri moja, powercfg /h off, katika dirisha la msimamizi. Utakachopoteza ni uwezo wa kompyuta kulala kwa kuhifadhi kazi kwenye diski, pamoja na kuwaka haraka. Programu nazo huondolewa kupitia orodha ya programu iliyo kwenye Settings. Kufuta folda yake kwa mkono huacha masalia yanayosumbua baadaye.

Jina baya na njia ndefu

Mwaka 1981, DOS ya kwanza, mfumo wa Microsoft uliotangulia Windows, haikuwa na folda. Vifaa kama printa na kibodi vilipewa majina kana kwamba ni mafaili: CON, PRN, AUX, NUL, COM1, LPT1 na wenzao. Toleo la 2.0 lilipoleta folda mwaka 1983, majina hayo yaliachwa yakifanya kazi ndani ya kila folda ili programu za zamani zisivunjike, na urithi huo upo hadi leo. Faili lenye jina kama hilo, ambalo kwa kawaida huingia kutoka Linux, au ndani ya faili lililobanwa, linaweza kuonekana lakini lisifutike. Ndivyo ilivyo pia kwa jina linaloishia na nukta au nafasi tupu. Dawa yake ni kuiambia Windows isilichambue jina, kwa kuanza njia na alama hizi:

del "\\?\C:\Users\Neema\Desktop\aux.txt"

Kwa folda tumia rd /s mahali pa del, na uandike njia yote kikamilifu kuanzia herufi ya diski.

Urefu nao una mpaka wake. Kwa kawaida njia nzima, tangu C: hadi herufi ya mwisho ya jina la faili, haitakiwi kuzidi herufi 260, na folda iliyomo ndani ya folda iliyomo ndani ya nyingine hufika huko upesi. Suluhisho la kwanza ni kuzipa folda za juu majina ya herufi moja moja, na mara nyingi hilo linatosha. Likishindikana, tengeneza folda tupu na uakisi utupu wake juu ya ile ndefu:

mkdir C:\tupu
robocopy C:\tupu "D:\Folda ndefu" /MIR
rd "D:\Folda ndefu"

Folda inayotajwa ya pili kwenye mstari wa robocopy hufutwa yote bila kuulizwa swali, kwa hiyo isome mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Tatizo likiwa kwenye flashi au kadi yenyewe

Ukiona folda zenye majina ya alama za ajabu, au faili linalodai kuwa na gigabaiti nyingi kuliko flashi yenyewe, jedwali la mafaili limeharibika, pengine kwa sababu flashi ilichomolewa wakati data inaandikwa. Nakili kwanza kila kinachosomeka na ukiweke mahali pengine. Kisha andika chkdsk E: /f kwenye dirisha la msimamizi. Vipande ambavyo chkdsk itashindwa kuvipa jina itaviweka kwenye folda ya FOUND.000, na ukishajiridhisha kwamba hakuna cha kuokoa humo, ifomati flashi.

Ikiwa hata kufomati kunakataliwa kwa madai kwamba diski haikubali kuandikwa, angalia kitelezo kidogo kilicho ubavuni mwa kadi ya SD au adapta yake. Kikiwa kwenye Lock, kisukume kirudi upande wa pili. Kwa flashi isiyo na kitelezo, andika diskpart, kisha list disk, tambua flashi kwa ukubwa wake, andika select disk pamoja na namba yake, na umalizie na attributes disk clear readonly. Kosea namba hapa na utakuwa unabadilisha hali ya diski nyingine, hivyo linganisha ukubwa kwa makini.

Likishindikana hilo pia, kuna uwezekano mkubwa kwamba chipu imechakaa na kidhibiti chake kimeifunga isiandikwe ili angalau yaliyomo yaendelee kusomeka. Nakili unachohitaji na ununue nyingine. Ikiwa humo mna nyaraka za mishahara, za wagonjwa au za siri yoyote, usiitupe nzima, kwa sababu asiyeweza kuiandika bado anaweza kuisoma. Pasua ganda lake na uivunje ile chipu nyeusi ya mstatili iliyobandikwa kwenye kibao. Ukivunja plagi peke yake, data yote bado imo.